Nina Gold Eagle ya MS70, nawauziaje wakusanyaji wenzangu mtandaoni bila kulizwa?

"Habari za kazi kaka. Nipo Ohio, mwaka wa tisa sasa. Mwaka 2021 nilinunua sarafu ya dhahabu, American Eagle ya aunsi moja, ile mpya yenye kichwa cha tai, imefungwa kwenye plastiki na NGC, wale wanaopima hali ya sarafu, MS70 Early Releases, nililipa dola 2,350. Kuna kundi la wakusanyaji mtandaoni nipo humo mwaka na nusu, huwa nanunua visarafu vya fedha vidogo vidogo. Sasa nataka kuiuza hii ya dhahabu nimalizie nyumba ya mama Morogoro. eBay nimeona mtu kaiweka hiyohiyo dola 6,900. Kwenye kundi nimeuliza tu bei, mwenzetu mmoja akanifuata pembeni kasema atanipa bei ya dhahabu ya siku jumlisha dola 50, anatuma hela kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana hela kupitia benki, leoleo mimi nitume mzigo kesho. Mwingine kasema 70 ni kamili kabisa kwa hiyo ni adimu, nisiuze chini ya 6,000. Shemeji yangu naye anasema nivunje hiyo plastiki nimpe mtu anayeenda Dubai, dhahabu ni dhahabu tu. Nani mkweli hapo? Na nikiwauzia wenzangu nafanyaje nisilizwe? Na ni kweli hailipiwi kodi kwa sababu ni pesa halali ya serikali?"

Nzuri dada yangu, na hongera kwa nyumba ya mama, Mungu akujalie uimalize. Nimesoma swali lako mara mbili maana kuna maswali kadhaa humo ndani, ila ukiyakamua yanabaki mawili, sarafu yako ina thamani gani kweli, na utampaje mtu usiyemjua kitu cha maelfu ya dola ukiwa huku na yeye yuko kule. Niseme mapema kwamba kati ya wale watatu aliye karibu na ukweli wa bei ni yule wa dola 50, hata kama namna anavyotaka kulipa inahitaji kuangaliwa vizuri. Huyo wa 6,000 sidhani kama anakudanganya kwa makusudi, wengi wanaamini hivyo hivyo, na hapo ndo pa kuanzia.

Hiyo MS70 inatoka kwenye skeli ya kupima hali ya sarafu, ya 1 mpaka 70 (MS ni Mint State, yaani sarafu haijatumika), ambayo ilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949, na aliibuni kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani za zamani, sarafu zilizopita mikononi mwa watu, kwenye mifuko, madukani, zikachakaa. Kwa sarafu za namna ile, kukuta moja imefika leo ikiwa safi ni jambo kubwa kwelikweli, kwa sababu wenzake wote waliisha njiani. Baadaye zikaja kampuni za kugredi, yaani kuipa sarafu namba ya hali yake, PCGS ikaanza kazi 1986 na NGC 1987, zikachukua skeli ileile zikaanza kufungia sarafu kwenye hili boksi gumu la plastiki tunaloliita slabu. Sawa. Sasa sarafu yako haijapita mkononi mwa mtu. Imetoka kwenye mashine, ikaingia kwenye mrija wenye sarafu 20, mrija ukaingia kwenye kreti, wauzaji wakubwa wakapeleka maelfu kwa mpigo kugrediwa, na kwa kuwa viwanda vya siku hizi vinafanya kazi safi, sehemu kubwa inarudi ikiwa 69 au 70. Maana ya 70 kwa NGC ni kwamba mtu akiiangalia kwa lenzi ya kukuza mara 5 haoni kasoro iliyotokea baada ya kutengenezwa. Basi, ni hali ya sarafu hiyo. Haijasema popote kwamba ziko chache.

Idadi yenyewe wala hupaswi kubahatisha, NGC wana orodha yao ya wazi inaonyesha wamegredi ngapi za mwaka huo na ngapi zimepata 70, PCGS nao wana ya kwao, na ni bure. Fungua uangalie ya 2021 Taipu 2, yaani huo muundo mpya wa kichwa cha tai, halafu jiulize kama kitu cha idadi ile kinaitwa adimu. Na hayo maneno Early Releases maana yake kampuni iliipokea ndani ya siku 30 tangu ianze kuuzwa, hayasemi kwamba ilikuwa ya kwanza kugongwa kiwandani. Kuna mnunuzi atakuongezea dola chache kwa hilo, kuna mwingine haangalii kabisa.

Ukitaka kuona adimu ya kweli kwenye dhahabu za kisasa, iko Eagle ya proof, ile inayogongwa maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, ya 2020 yenye alama ndogo ya V75, ya kuadhimisha miaka 75 tangu Vita vya Pili viishe, zilitengenezwa 1,945 tu na watu wakagombania siku ya kwanza. Au hata ya nyumbani, ile sarafu ya dhahabu ya Tanzania ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974 yenye duma, iliyotolewa kwenye mpango wa uhifadhi wa wanyama, nayo ilitengenezwa elfu chache na wengi hata hawajui kama ipo. Mimi nimewahi kuishika mara moja tu, kwenye maonesho ya sarafu, na nikwambie mikono ilitetemeka. Vitu kama hivyo bei yake inaenda na historia na uchache. Yako wewe bei yake inaendeshwa na dhahabu iliyomo ndani, kwa sehemu kubwa sana, na juu yake kuna nyongeza ndogo ya gredi na ya ule uhakika kwamba ni halisi.

Na nyongeza hiyo ina tabia moja watu hawaielewi. Wewe 2021 dhahabu ilikuwa inacheza kwenye dola 1,800 hivi, ukalipa 2,350, maana yake ulilipa kama dola 500 na kitu juu ya dhahabu tupu. Dhahabu ikipanda sana ile nyongeza haipandi nayo, mara nyingi inasinyaa, kwa sababu mkusanyaji ana bajeti yake ileile na sarafu imeshamfika shingoni kwa bei ya dhahabu peke yake, hana tena hela ya kulipia namba kwenye karatasi. Kwa hiyo usikasirike ukiona mtu anakupa dola 50 juu wakati wewe ulilipa 500 juu. Hajakutukana, ndo soko lilivyo, na faida yako imekuja kwa mlango wa dhahabu yenyewe.

Ile ya 6,900 uliyoiona eBay ni bei ya kuomba. Mtu anaweza kuomba hata 20,000, hakuna anayemkataza. Nenda kwenye kichujio cha vitu vilivyouzwa, andika mwaka, taipu, NGC MS70, uangalie za wiki mbili tatu za karibuni, sio za miezi sita nyuma, kwa sababu dhahabu inahama. Na hapo kuwa makini, ukiona bei imepigwa mstari ujue muuzaji alikubali ofa ya chini na kiasi chenyewe kimefichwa. Ongezea na kumbukumbu za minada, GreatCollections na Heritage wanaonyesha bei zilizofikiwa kweli. Zile bei elekezi za kampuni za kugredi zisome tu kama bei ya dukani, mara nyingi ziko juu ya kile ambacho mtu kama mimi na wewe tunakipata.

Sasa tupige hesabu maana maneno matupu hayajengi nyumba. Nitatumia dola 4,000 kwa aunsi kama namba ya mfano, we weka ya siku yako. Tuseme umeuza eBay kwa 4,300, unaona umepiga bao. Makato ya eBay kwenye sarafu yamekuwa yakicheza kwenye asilimia 13 na kitu, na wanakata kwenye jumla yote aliyolipa mnunuzi, pamoja na kodi ya mauzo ya jimbo lake, hiyo kodi wewe huioni hata senti lakini unaikatwa. Ukichukua 13.25 ya 4,300 peke yake ni kama 570. Unabaki na 3,730 hivi kabla hujalipa posta. Wakati huohuo duka la sarafu la kueleweka hapo mjini kwako linaweza kukupa karibu na bei ya dhahabu, tuseme 3,900, unatoka na hela mkononi siku hiyohiyo. Yaani ulichokiona kikubwa kumbe ni kidogo. Na ukimuuzia mkusanyaji mwenzako kwa 4,080, ukatoa kama dola 40 ya posta na bima, umebaki na 4,040. Ndo maana hawa wakusanyaji wanapenda kuuziana wenyewe kwa wenyewe, ile hela iliyokuwa iende kwenye makato mnagawana nyie wawili. Ila hela hiyo haiji bure dada, eBay kwa makato yao wanakupa ulinzi fulani na utaratibu wa kusuluhisha ugomvi, ukiuza pembeni huo ulinzi inabidi uujenge mwenyewe kwa mikono yako.

Kwa shemeji, mwambie asante ila hapana, tena usiguse hiyo slabu hata kwa kucha. Anasema dhahabu ni dhahabu, na sonara kweli atakwambia hivyo kwa sababu yeye anapima uzito na karati anazidisha basi. Kuna watu wanadhani Eagle kwa kuwa ni karati 22 haina aunsi kamili, hilo si kweli, sarafu nzima ina uzito wa gramu 33.93, dhahabu safi iliyomo ni gramu 31.1 ambayo ndiyo aunsi moja ya wafua dhahabu, kilichozidi ni fedha kidogo na shaba. Kwa hiyo hata ukiivunja dhahabu yako haipotei. Kinachopotea ni kile ambacho mgeni wa Texas anakilipia ili aweze kukutumia maelfu ya dola bila kukuona, yaani kampuni imeshasema ni halisi na hali yake ni hii. Ukishafungua, imekuwa sarafu isiyo na mdhamini, na 70 hairudi mpaka uilipie tena na hakuna anayekuahidi utaipata. Juu ya hapo umemkabidhi mtu, anapita nayo viwanja viwili vya ndege, akifika anauza sokoni kwa watu wa kupima uzito tu. Soko la Eagle liko hapohapo ulipo.

Kabla hujatangaza chochote kaa na sarafu yako nusu saa. Simama karibu na dirisha asubuhi, taa ya ndani zima, slabu ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, halafu iinamishe taratibu mbele nyuma ukiangalia mwanga unavyotembea juu ya Liberty, yule mwanamke wa upande wa mbele. Unatafuta vidoa vidogo vyekundu au vya kahawia. Hii ni ile shaba iliyochanganywa, wakati mwingine inajikusanya sehemu moja na baada ya miaka inaonekana, mara nyingi ni nukta ndogo kama kichwa cha sindano. Haimaanishi sarafu ni feki na haibadilishi uzito wa dhahabu, lakini mkusanyaji wa 70 inamuuma, na asipoambiwa atarudisha. Ukiiona, ipige picha kwa karibu kabisa uiweke kwenye tangazo. Nimeona sarafu yenye doa lililotajwa wazi ikiuzwa ndani ya saa moja, na nimeona yenye doa lililofichwa ikivunja jina la mtu aliyekaa kwenye kundi miaka mingi.

Halafu ingiza namba ya cheti kwenye ukurasa wa NGC wa kuhakiki, au skani ile QR. Angalia mwaka, gredi na maneno ya lebo kama vinalingana na unachokiona, na kama kuna picha linganisha. Slabu feki zipo, tena wanachukua namba ya cheti halali wanaibandika kwenye plastiki yao, kwa hiyo namba kukubali peke yake haitoshi. Kwa Taipu 2 kuna kitu kizuri cha kujua, ukingoni zile meno zinazozunguka sarafu pana sehemu moja pameachwa pengo kwa makusudi, ni alama ya usalama iliyoanza na muundo huu wa katikati ya 2021. Kama kishikizo cha slabu yako kinaruhusu kuona ukingo, zungusha kwenye mwanga utafute. Uliinunua wapi hukusema, kama ni kwa muuzaji mkubwa mwenye risiti sina wasiwasi, kama ni kwa mtu tu, soma ninayosema chini kuhusu kwenda dukani.

Picha za tangazo zipige za kutosha. Mbele nzima, nyuma nzima na hologramu yake, lebo kwa karibu, na moja pembeni pana kikaratasi umeandika kwa mkono jina lako la kwenye kundi na tarehe ya leo. Hicho kikaratasi ndo kinamwambia mwenzako kwamba sarafu ipo kwako leo, sio picha umeiokota. Na piga picha mikwaruzo ya plastiki yenyewe, usiione aibu. Kila slabu ina mikwaruzo yake kama alama za vidole. Mimi niliwahi kuuza Buffalo, sarafu nyingine ya dhahabu ya Marekani, ya aunsi moja, mnunuzi baada ya siku nne akasema sarafu ina jeraha anataka kurudisha, ikarudi, lebo ni ya kampuni ileile, gredi ileile, mwaka uleule. Ila yangu ilikuwa na kimkwaruzo chenye umbo la L chini ya lebo upande wa kushoto na hii haikuwa nacho, nikaangalia namba ya cheti tarakimu mbili za mwisho zilikuwa tofauti. Alikuwa na ya kwake yenye jeraha akabadilisha. Nilikuwa na picha kumi na nne na video ya kufunga mzigo, na hizo ndo zilinirudishia sarafu yangu. Bila picha ningekuwa nabishana tu kwa maneno.

Tukija kwenye malipo, hapa nenda polepole. Huyo wa Zelle anaweza kuwa mtu safi kabisa, Zelle watu wa sarafu wanaitumia sana kwa sababu haina makato, na mnunuzi kukubali kutangulia kulipa ni kawaida pale ambapo muuzaji ana jina. Kinachonipa shida ni kwamba alikufuata pembeni kabla hujaweka tangazo. Makundi mengi yana sheria dili ianzie hadharani, mtu aandike naichukua mbele ya wote, ndipo muende pembeni kwa anwani na malipo, na sheria hiyo ipo ili mwenye rekodi mbaya aonekane. Zelle nayo ina mambo mawili. Kwanza ile barua pepe inayosema hela imekuja lakini imezuiliwa mpaka ubadilishe akaunti iwe ya biashara, hiyo ni utapeli, mia kwa mia, hela ya Zelle inaonekana ndani ya programu ya benki yako au haipo. Pili, akaunti ikiwa imeibwa benki inaweza kurudi kudai, kwa hiyo jina la anayetuma lilingane na jina unalomtumia mzigo.

Kwa kiasi hiki mimi ningependa zaidi hela ije kwa waya wa benki, ile ina makato yake, ila ikishaingia imeingia, na mnunuzi makini hatagoma. Hundi ya kawaida unaweza kupokea kama una subira, ila elewa kitu kimoja kinachowaliza watu kila siku, benki kukuonyesha hela kwenye akaunti sio kwamba hundi imepita, wanakupa utumie kwanza halafu baada ya wiki moja au zaidi ikirudi hewa wanakata kwako. Piga simu benki uulize imelipwa na benki ya mwenzako au bado, mpaka wakwambie imelipwa mzigo ukae kwako. Money order ya posta ipeleke dirishani posta waikague na wakulipe kabla hujatuma. PayPal ya kibiashara wengi wanaiona salama, ila soma masharti yao, dhahabu imetajwa kwenye vitu ambavyo ulinzi hauvifikii, kwa hiyo unaweza kulipa makato ya asilimia 3 na bado ukabaki wazi. Na ile PayPal ya kutumiana ndugu na marafiki kwa biashara ni kinyume na masharti yao, usiianzishe.

Kusafirisha, kwa kitu cha bei hii ndani ya Marekani nashauri Registered Mail ya posta ya USPS. Ni ya polepole, inaweza kukaa hata wiki mbili na ufuatiliaji wake unakaa kimya siku nyingi mpaka roho inadunda, mwambie mnunuzi mapema asije akadhani umemkimbia. Uzuri wake ni kwamba kila mfanyakazi anayeushika anausainia na unakaa mahali pa kufungwa, na bima yake inafika mpaka dola 50,000. Tangaza thamani yote, usipunguze ili kuokoa dola tano. Ukienda na boksi lililofungwa kwa ule utepe wa plastiki unaong'aa watakurudisha, wanataka utepe wa karatasi wa kahawia kwenye kila mshono, kwa sababu karani anagonga muhuri juu ya mishono na wino lazima ushike kwenye karatasi, mtu akifungua njiani inaonekana. Kampuni nyingine za kusafirisha usikimbilie kwa sababu tu zina haraka, nyingi sarafu haziruhusu au fidia yake ni ndogo mno, soma kwanza.

Slabu izungushie plastiki ya mapovu, weka kwenye kiboksi kidogo, kiboksi kwenye boksi kubwa, tikisa karibu na sikio, ukisikia chochote kinacheza fungua ujaze tena. Mwaka wangu wa kwanza nilituma moja kwenye bahasha ya mapovu nikaona inatosha, ilifika kona ya slabu imepasuka, sarafu nzima lakini plastiki kwisha, nikamrudishia mtu sehemu ya hela yake na nikaona ni haki. Nje ya boksi usiandike neno sarafu wala dhahabu wala jina la biashara lenye maneno hayo, na kwenye kundi usiandike leo naenda posta na Eagle. Video ya kufunga ianze na namba ya cheti ikionekana na iishie na boksi limefungwa lina anwani, bila kukata.

Kwenye tangazo lenyewe bei iandike kwa kuifunga na dhahabu, mfano bei ya soko jumlisha dola 80 na posta ndani, na useme bei inafungwa saa mtakapokubaliana na malipo yawe yametumwa ndani ya saa 24, la sivyo dili imevunjika. Usipoandika hivyo mtu atakubali Jumatatu, dhahabu ishuke Jumanne, apotelee. Au ipande na wewe ndo utamani kupotea, na hilo usilifanye dada, ukishasema sawa ni sawa hata ikipanda dola 100 usiku huo. Andika pia kama unapokea kurudishiwa au la na kwa muda gani, mimi huwa natoa siku 3 tangu kupokea, slabu na namba ileile, isiyofunguliwa.

Kuhusu kodi, imeandikwa dola 50 kweli na ni pesa halali, ila wewe hukuiuza kwa 50. Faida ni faida. Umenunua 2,350 ukiuza kama 4,080, tofauti yake baada ya kutoa gharama za kuuza ndiyo serikali ya Marekani inaiangalia, na kwa kuwa umeishikilia zaidi ya mwaka mmoja inaingia kwenye kundi la vitu vya makusanyo ambalo kiwango chake cha juu kabisa ni asilimia 28. Watu wakisikia 28 wanashtuka, hicho ni kikomo cha juu, kama kipato chako kiko kwenye daraja la chini ya hapo unalipa la kwako. Kupata au kutopata fomu kutoka kwa kampuni ya malipo hakubadilishi wajibu wa kuripoti. Tafuta ile risiti ya 2021 leo hii, ukiikosa unaweza kujikuta huna namna ya kuonyesha ulinunua kwa ngapi, na muone mtu wa kodi ana kwa ana kwa sababu kipato chako na familia yako mimi sivijui.

Na kuna hali ambazo ningekwambia achana na mtandao uende mwenyewe. Kama hukununua kwa muuzaji anayejulikana, au picha ya NGC haifanani na iliyo mkononi, au hologramu inakupa mashaka, ipeleke kwenye duka la sarafu lenye kifaa cha kupima metali kupitia plastiki, wanaweka juu yake sekunde chache wanajua ndani kuna dhahabu ya Eagle au kitu kingine, hawafungui. Kama hela unaihitaji ndani ya wiki hii, fundi yuko saiti anasubiri bati, basi tembelea maduka mawili au matatu siku moja, usiseme ya kwanza wamekupa ngapi, uliza tu wananunua kwa ngapi, chagua. Chama cha wakusanyaji cha Marekani, ANA, kina orodha ya wafanyabiashara wanachama na ya maonesho, na maonesho ya sarafu ni mahali pazuri, unazunguka meza ishirini na sarafu moja mkononi unajua bei yake kabla ya saa sita mchana. Mkipatana na mtu wa karibu kukutana, kutaneni ndani ya benki yako, hela ihesabiwe na karani.

Huyo wa dola 50 mjibu kwa heshima. Mwambie asante kwa ofa, utaweka tangazo kesho kwenye kundi kwa bei ya soko jumlisha 80, na akiitaka aandike palepale hadharani, malipo ni waya kwa jina lake, na utaomba watu wawili aliowahi kununua kwao uwaulize. Mtu aliyezoea kununua anayo majina hayo tayari, atakutumia ndani ya dakika kumi. Akianza kuwa mkali, au binamu yake ndo atalipa, au anwani sio ya kwake, mpigie mwenye duka simu uulize wanafunga saa ngapi.